Mtu Aliyeacha Kutaka

Mirumbe alikuwa dalali wa ng'ombe katika soko la Ogwedhi, na watu walimjua kwa mambo mawili: sauti yake na tumbo lake. Sauti ilikupokea kabla hujalifikia soko. Tumbo nalo lilikuwa na sifa zake. Alikula nyama choma akiwa amesimama, akimsifu mchomaji, akidokoa kutoka sahani ya mtu wa pembeni huku akimwuliza habari za watoto wake. Mkewe, Mellen, alikuwa amezoea kupika kila jioni kana kwamba kuna wageni njiani.

Siku alipougua hakuanguka, na hilo ndilo lililowachanganya watu. Alirudi kutoka sokoni, akaketi kwenye kiti chake nje ya nyumba, na hakuinuka tena mwenyewe. Mellen alimwekea ugali wa wimbi na maziwa ya mgando, akaingia ndani kuendelea na kazi. Alipotoka alikuta chakula hakijaguswa na nzi wamekwisha kufika.

"Baba Liz, huli?"

Mirumbe alimtazama. Hakuonekana kuwa na maumivu wala hasira. Alimtazama tu, kisha macho yakahama polepole yakaenda kwenye mti, na kutoka kwenye mti hayakwenda popote. Jua lilipozama alikuwa bado pale pale, mikono juu ya magoti. Mellen alipomshika mkono na kumvuta, alisimama na kutembea vizuri kama mtu mzima wa afya. Alipomwachilia mlangoni, alibaki amesimama mlangoni.

Walimpeleka hospitali moja huko Suna. Daktari wa wodi aliitwa Nyangau, kijana mpole kutoka upande wa Kisii, ambaye alikuwa na tabia ya kuketi kitandani kwa mgonjwa badala ya kusimama juu yake. Picha ya kichwa ilionyesha alama mbili ndogo ndani kabisa ya ubongo, moja kila upande. Nyangau alimwonyesha Mellen kwa ncha ya kalamu.

"Ni kiharusi, mama. Lakini hakikugusa miguu wala mikono. Hata sauti iko. Kimegusa mahali pengine."

"Mahali gani?"

"Mahali pa kuanzia," alisema Nyangau, na alionekana kutoridhika na jibu lake mwenyewe.

Wakampitishia mpira mwembamba puani hadi tumboni, na kwa njia hiyo Mellen akawa anamlisha uji na maziwa. Wiki zikapita. Mashavu ya Mirumbe yakaingia ndani, na mabega yaliyokuwa yakijaza mlango yakawa kama ya kijana. Watu wa sokoni walikuja kumwona, wakamwita kwa jina, wakamtania kama zamani. Aliwatazama mmoja mmoja. Walitoka nje, na wengine hawakurudi.

Kaka yake mkubwa, Nchagwa, alikuja mara nyingi kuliko wote. Alikuwa mtu wa maneno machache, mfugaji, na alimpenda mdogo wake. Siku moja alimwita Mellen kwenye ukumbi nje ya wodi.

"Shemeji, huyu mtu nimemwangalia macho kwa macho. Hana uchungu. Hana hofu. Nafikiri amemaliza. Tunamsukumia uji kwa pua, na yeye amekwisha kusema hapana kwa njia yake. Wacha tumpeleke nyumbani, akae na watu wake, aende kwa heshima."

"Nani amekwambia amesema hapana?"

"Mpe kijiko basi, uone kama atafungua mdomo."

Mellen alikuwa amejaribu kijiko mara nyingi, wakati hakuna anayemwona. Kijiko kilifika kwenye midomo kikagota hapo, na mumewe akamtazama juu ya kijiko kana kwamba kinamhusu mtu mwingine.

Nyangau alikuwa mlangoni na aliyasikia yote. Alirudi ofisini kwake akapiga simu Homa Bay.

Aliyempigia aliitwa Emmaculate Awuor. Alizaliwa Oyugis, akasoma hadi mbali, na sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa ameitumia kuchunguza jambo moja: kwa nini kiumbe hai huinuka akakifuata kitu. Kwa miaka alifanya kazi na panya wa maabara. Sasa alikuwa amerudi karibu na nyumbani, akiwafuatilia watu wanaopona malaria katika vijiji vya kando ya ziwa, akitaka kujua hamu ya chakula huenda wapi mtu anapougua, na nini huirudisha. Nyangau alikuwa amemsikia akizungumza na madaktari mjini Homa Bay, na kuna jambo alilolisema siku ile kuhusu hamu ya chakula ambalo halikumtoka kichwani.

"Daktari," alisema Nyangau kwenye simu, "nina mtu hapa anayekufa njaa na chakula kiko mbele yake. Hana huzuni. Hana chochote."

Emmaculate alikuwa amesimama dirishani. Chini kule ziwa lilikuwa limejaa magugu hadi ufukoni, kijani kama shamba. Alivuta kiti akaketi.

"Ukimwekea kitu kitamu kwenye ulimi, uso wake unafanya nini?"

"Sijawahi kumwekea. Anakula kwa mpira."

"Mpime kama anaweza kumeza bila kupaliwa. Kesho nakuja."

Usingizi wa Emmaculate usiku huo ulikuwa wa mang'amung'amu. Kuna jambo alilokuwa ameliona kwa panya, akaliandika, akawafundisha wanafunzi hadi likawa la kawaida mdomoni mwake. Ndani ya ubongo kuna kemikali inayoitwa dopamini. Watu wengi huiita kemikali ya raha. Lakini panya aliyeondolewa kemikali hiyo alikufa njaa akiwa amelalia rundo la chakula, na bado ukimdondoshea maji ya sukari mdomoni, alilamba midomo yake kwa furaha ile ile ya panya mzima. Raha ilikuwepo. Kilichokosekana ni ule msukumo wa kuifuata. Kwa panya lilikuwa jambo wazi. Kwa mtu mwenye mke na jina, hakuwahi kuliona.

Alifika Suna kabla ya chakula cha mchana. Nchagwa naye alikuwa amefika, amevaa koti lake la safari, kwa kuwa alikuwa ameamua ndiyo siku ya kumchukua ndugu yake. Mellen aliketi upande wa pili wa kitanda ameshika mkono wa mumewe. Emmaculate aliwasalimu wote wawili, akajitambulisha, akaeleza kwamba yeye si daktari wa kutibu bali ni mtafiti wa ubongo, na kwamba angependa kujaribu kitu kidogo kisicho na madhara. Aliomba ruhusa. Nchagwa alimtazama Mellen, na Mellen akakubali kwa kichwa.

"Mzee Mirumbe, habari ya asubuhi," Emmaculate alisema.

Macho ya Mirumbe yalimjia yakatulia juu yake, kama mtu anavyotazama mvua.

Emmaculate alifungua kichupa cha asali, akachovya kijiti chenye pamba, akaigusisha kwenye mdomo wa Mirumbe. Midomo haikufunguka. Nyangau, aliyekwisha kumpima na kuona anameza bila kupaliwa, aliishusha taya kwa kidole, taratibu, na tone likatua kwenye ulimi.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha midomo ikasogea. Ncha ya ulimi ikatoka, ikapita juu ya mdomo wa juu polepole, ikarudi, ikatoka tena. Mikunjo ya paji la uso ikalainika. Kwenye pembe za macho kukaja kitu ambacho hakikuwa tabasamu bado, ila kilikuwa kinaelekea huko, na uso wote wa yule mtu, uliokuwa kama nyumba iliyohamwa, ukawa na mwenyewe ndani.

Mellen alishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili. Nchagwa akavua kofia.

Kisha uso ukarudi ulivyokuwa. Emmaculate akakishika kijiti kikiwa na asali karibu sana na mdomo, karibu kiasi cha Mirumbe kusikia harufu yake. Wakasubiri. Mdomo haukufunguka. Mkono haukuinuka. Asali ilidondoka kwenye shuka, na Mirumbe akaitazama ikidondoka.

Akamwekea tena kwenye ulimi, na ile furaha ikaja tena, ile ile, nzima. Akamgusisha maji ya mwarobaini, na uso ukajikunja kwa uchungu kama wa mtoto mchanga. Akarudi kwenye asali. Kila kitu kilikuwepo. Mtu alikuwa ndani, anaonja dunia, anajua kitamu na kichungu, na kati yake na kijiti cha asali kulikuwa na nafasi ya vidole viwili ambayo hakuweza kuivuka.

Emmaculate aliweka kichupa mezani. Alikwenda dirishani akasimama na mgongo wake kwao. Nyangau alifikiri anatafuta maneno. Ukweli ni kwamba alikuwa amejawa na kitu ambacho hakukijua tangu utotoni, siku alipolala chali uani kwao Oyugis na kuelewa kwa mara ya kwanza kwamba nyota ziko mbali. Alikuwa amelisoma jambo hili kwa nusu ya umri wake. Hakuwa amewahi kuliogopa.

Nchagwa alikitazama kichupa cha asali.

"Basi anapenda."

"Anapenda," Emmaculate alisema akigeuka.

"Mbona hachukui?"

"Kwa sababu kupenda ni kitu kimoja na kufuata ni kingine, baba. Tangu tuzaliwe vinatembea pamoja, mpaka tunafikiri ni kimoja. Kwake kiharusi kimevitenganisha. Ile sehemu ya kufurahia iko salama. Ile inayomwambia mtu inuka, nenda, chukua, hiyo imenyamaza."

"Kwa hivyo hajatukataa," Mellen alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Hajamkataa mtu, mama. Hata kukataa kunahitaji mtu atake jambo. Huyu hakusema hapana. Hakusema ndiyo pia. Hakuweza kufika mahali pa kusema."

Nchagwa aliketi kwenye kiti cha wageni, kofia yake magotini.

"Nilikuja kumchukua akafe," alisema, "na asali bado ni tamu kwake."

Baadaye alitoka nje, na walipomtafuta walimkuta amesimama kando ya ukuta, analia bila kujificha.

Nyangau na Emmaculate walizungumza hadi alasiri. Kulikuwa na dawa ambazo hupewa wagonjwa wa kutetemeka, wale ambao dopamini yao imepungua. Madaktari wa nchi nyingine walikuwa wamezijaribu kwa watu kama Mirumbe, na baadhi waliamka, wengine hawakuamka. Nyangau, aliyekuwa na jukumu la matibabu, alimweleza Mellen yote, pamoja na hatari zake, na hakumwahidi kitu. Mellen aliuliza swali moja tu: kama dawa haitafanya kazi, je, ataendelea kuonja? Wakamwambia ndiyo. Akasema waanze.

Wakaanza na kiasi kidogo, wakaongeza kidogo kidogo. Kila siku Mellen alimwekea kitu kwenye ulimi kabla ya kumlisha kwa mpira: maziwa, ndizi iliyopondwa, mchuzi. Alijifunza kuusoma ule uso kama mtu anayejifunza lugha. Aligundua kwamba maziwa ya mgando yalimfurahisha kuliko asali, jambo ambalo angeweza kuwaambia tangu mwanzo kama wangemwuliza. Emmaculate alirudi Homa Bay kwenye kazi yake na alipiga simu kila jioni. Kila jioni jibu lilikuwa lile lile. Anaonja. Hainuki.

Kisha ikaja asubuhi moja ya kawaida. Mellen alikuwa ameketi kando ya kitanda akila kiazi kitamu na chai, amempa mumewe mgongo kidogo, anazungumza na mama aliyemwuguza mgonjwa wa kitanda cha pili kuhusu mvua. Alihisi kitu kwenye vidole vyake. Alipogeuka, mkono wa Mirumbe ulikuwa umeshika kiazi.

Hakupiga kelele. Baadaye alisema aliogopa kwamba hata akivuta pumzi kwa nguvu, mkono ule utarudi ulikotoka. Alikiachilia kiazi polepole. Mirumbe akakipeleka mdomoni, akauma, akatafuna, macho yake yakiwa kwenye kipande kilichobaki. Akauma tena. Akameza. Kisha akakitazama kikombe.

"Chai," alisema, kwa sauti iliyokauka kama mlango uliofungwa muda mrefu.

Mellen akampa kikombe na kukishikilia naye, mikono minne juu ya kikombe kimoja, na yule mama wa jirani akaanza kusali kwa lugha yake, Dholuo, bila kuulizwa.

Emmaculate alipofika, Mirumbe alikuwa ameketi wima, amenyolewa. Aliongea kidogo kidogo, akipumzika katikati ya maneno. Emmaculate alikuwa ameandaa maswali mengi ya kitaalamu. Alipomwona, yote yakamtoka.

"Mzee, ulikuwa wapi?"

Mirumbe alifikiri. "Hapa hapa."

"Ulikuwa unatusikia?"

"Yote. Nilimsikia kaka akisema alikuja kunichukua nife. Nilimwona mama Liz akilia. Nilijua ni mke wangu, nilijua analia kwa sababu yangu." Akautazama mkono wake. "Nilijua pia kwamba mtu huwa anainua mkono akamshika mwenzake. Nilikuwa naijua hiyo kazi. Lakini haikuja. Ilikuwa kama jambo unalosikia limefanywa na watu wa zamani."

"Ulihuzunika?"

"Hapana. Kuhuzunika pia hakukuja. Kulikuwa na kimya tu. Si kibaya." Akamtazama kwa makini, na kwa mara ya kwanza Emmaculate aliona hofu machoni mwake. "Hiyo ndiyo inaniogopesha sasa. Kwamba haikuwa mbaya."

"Na asali?"

"Ilikuwa tamu sana, daktari. Kila mara. Lakini ikiisha, imeisha. Haikuniambia nirudi."

Emmaculate alirudia maneno hayo kimoyomoyo njia nzima ya kurudi Homa Bay. Panya hawakuwahi kumwambia kitu kama hicho.

Mambo hayakunyooka mara moja. Baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, Mirumbe alianza kutaka kupita kiasi. Alikula hadi sufuria ikawa tupu, akaingia jikoni kutafuta nyingine. Alikwenda sokoni akaanza kubishania kila fahali aliyepita, hata wasiouzwa. Aliamka usiku akitaka miwa. Mellen, aliyekuwa amelia kwa sababu mumewe hataki, sasa alificha sukari. Alimpigia Nyangau, na Nyangau akapunguza dawa kidogo, akangoja, akapunguza tena. Emmaculate alifuatilia kila badiliko kwa mshangao. Chembe ndogo ya unga mweupe, isiyojaza ukucha, ilikuwa inatosha kumpeleka mtu kutoka kwenye kimya hadi kwenye njaa isiyo na mwisho, na mahali fulani katikati, pembamba sana, ndipo wanadamu wote walipoishi bila kujua.

Siku Emmaculate alipowatembelea Ogwedhi, soko lilikuwa linavunjika na vumbi la ng'ombe limetanda barabarani. Mirumbe alikuwa amenenepa kiasi. Sauti yake haikuwa kubwa kama zamani, na mara nyingine alisimama katikati ya jambo hadi mtu amguse bega. Walikula pamoja chini ya baraza. Mellen alimwongezea mumewe nyama, naye akaweka mkono juu ya sahani.

"Nimeshiba," alisema.

Kila mtu pale aliendelea kula. Emmaculate peke yake ndiye aliyeacha tonge mkononi, akalisikiliza neno lile.

Baada ya chakula wanawake wawili walikusanya vyombo wakavipeleka jikoni. Mellen alisugua sahani moja kwa muda mrefu.

"Daktari, kuna kitu sijamwuliza mtu. Asubuhi ananisalimia. Ananishika bega. Juzi alinitafutia kiatu changu kilichopotea, akaenda mpaka kwa jirani." Akaweka sahani chini. "Ni yeye anayefanya hayo, ama ni dawa?"

Emmaculate alitaka kumpa jibu la uhakika. Alikuwa na jina la kila kemikali na ramani ya kila njia inayopita kichwani mwa mtu.

"Mama, hata kabla hajaugua, kitu hicho hicho ndicho kilichokuwa kinamwinua aje kwako. Alikuwa anajitengenezea mwenyewe. Sasa tunamsaidia. Zaidi ya hapo, mimi sijui. Nimesoma sana na sijui."

Mirumbe alikuwa amesimama upande wa pili wa ukuta wa jikoni akimfungia ndama kamba. Hawakujua kwamba anasikia.

"Kukupenda nilikuwa nakupenda hata kule hospitali," alisema bila kuinua sauti. "Ni kuinuka ndiko kulinishinda."

Mellen aliichukua ile sahani akaisuuza tena, ingawa ilikuwa safi. Mirumbe alimaliza kufunga kamba, akampiga ndama kofi dogo mgongoni, akaja upande wao akaketi kwenye kigoda karibu na mkewe. Emmaculate aliaga. Walimsindikiza wote wawili mpaka barabarani, Mirumbe akiwa mbele, akimwonyesha njia ambayo haina tope.